Mbao za Mbayo: klaketi juu ya sakafu nyekundu ya Kapata

KOLWEZI, Agosti 1996

Saa moja asubuhi ya Jumamosi, katika nyumba moja ya safu ya tano ya mtaa wa Kapata, Mbayo Donatien amepiga magoti sebuleni kwake, shavu lake likiwa karibu kugusa sakafu. Anatafuta mchanga.

Viti ameshavitoa nje. Meza ameiegemeza ukutani. Anapitisha kiganja polepole juu ya saruji iliyopakwa nta nyekundu, kutoka mlangoni hadi dirishani, kama mtu anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Chini ya dirisha mkono unasimama. Analamba ncha ya kidole, anaokota punje moja ndogo na kuitupa nje.

"Hii njo adui," anasema. "Batu banawaza ni chuma tu njo inaharibu pavema. Chuma inatoboa, ni kweli. Lakini muchanga inasaga. Ukisahau muchanga, kazi yote ni bure."

Kwa Kiswahili cha hapa njo ni ndio, tata ni baba, na pavema ni sakafu ya saruji katika nyumba hizi zilizojengwa na kampuni ya madini kwa ajili ya wafanyakazi wake. Nje, kwenye baridi ya kiangazi, watoto kumi na mmoja wanasubiri amalize. Wamevaa sweta na kandambili, na kila mmoja amening'iniza begani soksi ndefu yenye kitu kizito ndani yake.

"Tata Mbayo, tuingie?"

"Bado!"

"Na sasa?"

"Bado, mi nasema! Munataka mama yenu anifukuze?"

Ndani ya soksi zile mna viatu vya klaketi. Ni viatu vya kuchezea, vyenye bamba la chuma chini ya vidole na jingine chini ya kisigino, na mchezaji huipiga sakafu kwa miguu jinsi mpiga ngoma anavyoipiga ngozi. Kesho, Jumapili, watoto hawa watacheza mbele ya watu kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa parokia mjini Kolwezi. Ndiyo maana hakuna anayeweza kutulia, hata Mbayo mwenyewe, ambaye tangu alfajiri amekunywa vikombe vitatu vya chai bila kukaa chini.

Kwanza anatandika shuka kuukuu. Juu ya shuka anapanga vipande vyembamba vya mpira mweusi. Halafu mbao zinaletwa kutoka chumba cha kulala, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na upana wa mlango kasoro vidole viwili. Anaziunganisha kwa ndoano ndogo za waya, anazikanyaga pembeni, anasikiliza.

"Haya. Miguu mitupu. Muingie."

Watoto wanaingia, wanakaa ukingoni mwa mbao, na hapo tu ndipo wanapovaa viatu. Hiyo ni sheria ya nyumba. Kiatu cha chuma hakigusi sakafu, si kwa kuingia, si kwa kutoka. Mtu akibanwa na haja ndogo, anavua.

Kisha Jessica, binti yake mwenye miaka kumi na mitatu, anahesabu hadi nne, na sebule inalipuka. Vikombe vinatetemeka kabatini. Mbwa wa jirani anakimbia. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na beseni za unga wanasimama dirishani wakicheka kwa sauti, na mmoja wao anaanza kutikisa mabega.

Chini ya yote hayo, nta nyekundu imelala salama.

*

Mbayo ana miaka arobaini na miwili. Alizaliwa karibu na Lubudi, mji wa reli ulioko kaskazini, ambako wazazi wake walilima mihogo na mahindi. Mwaka 1976 alikuja Kolwezi akaajiriwa kung'arisha sakafu katika klabu ya wakubwa wa kampuni. Ukumbi wa klabu ulikuwa na sakafu ya mbao, na kazi yake ilikuwa kuipaka nta na kuisugua hadi mtu aweze kujitazama ndani yake.

Kila Jumatano na Jumamosi mchana, mke wa mhandisi mmoja Mbelgiji, Madame Odile, aliwafundisha watoto klaketi ukumbini humo. Mwanzoni walikuwa watoto wa wazungu peke yao, baadaye na wa makarani wakubwa. Mbayo alisubiri mlangoni na brashi mkononi. Walipoondoka, aliinama kufuta mikwaruzo.

"Nilichukia ile mikwaruzo sana," anasema. "Lakini ukiangalia kitu moja miaka kumi na tano, inakuanzia kusema. Nukta ndogo, ni kidole cha kiatu. Mustari wenye kupinda, ni kisigino kimeburutwa. Nukta mbili na mustari, nukta mbili na mustari. Nikasema, ah, kumbe hii ni maandiko. Nikaanza kusoma."

Aliisoma kwa miguu yake. Ukumbi ukiwa mtupu, alivua viatu na kufuata alama zile akiwa na soksi tu. Siku moja Madame Odile alirudi kuchukua kitambaa alichokisahau akamkuta anazunguka katikati ya ukumbi, brashi ikiwa imekumbatiwa kifuani. Mbayo alidhani kazi imekwisha.

"Alisimama tu. Halafu akaniambia, mguu wa kushoto unachelewa. Akachukua kitambaa yake, akaenda."

Mwaka 1991 mambo yaliharibika. Mgodi mkubwa ulikuwa umeporomoka mwaka mmoja kabla, maduka yakaporwa na askari wasiolipwa, na wageni wakaondoka kwa haraka. Klabu ilifungwa. Siku ya kuondoka, Madame Odile alimpa Mbayo sanduku. Ndani yake mlikuwa na jozi kumi na mbili za viatu na mfuko wa mabamba ya chuma.

"Mbayo, wewe najua sakafu kupita mimi," alimwambia kwa Kiswahili chake cha kubabaisha. "Pa batoto."

Mbayo aliwapa watoto. Tatizo ni kwamba aliwapa watoto wake mwenyewe, nyumbani mwake, bila kumwambia mke wake.

*

Mke wake ni Tshibola. Wazazi wake waliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi mgodini, na yeye alizaliwa papa hapa Kapata, katika nyumba ya safu ya tatu. Anajulikana mtaa mzima kwa sakafu yake. Zamani, wakati kampuni ilipokuwa ikituma watu kukagua usafi wa nyumba, alishinda beseni la enameli mara mbili.

Jumamosi moja ya mwaka 1992 alirudi kutoka sokoni, ambako huuza samaki wakavu, akamkuta Jessica anacheza sebuleni na kaka yake mdogo, Gradi, anapiga makofi. Tshibola aliweka chini kapu lake. Alihesabu matundu kumi na saba sakafuni.

"Sikupiga mutoto," anakumbuka. "Nilikaa chini nikalia. Mama yangu alisugua pavema ya hii kampuni mpaka magoti yake ikaisha. Mi nimesugua. Sasa mutoto wangu na chuma?"

Mumewe alipotoka kazini, aliambiwa maneno mafupi. Ama viatu vitoke, ama dawa ya kuilinda sakafu ipatikane.

Mbayo alitafuta dawa kwa miezi minne. Alitandika blanketi, na Gradi akateleza akapasua mdomo. Alitandika mkeka, na viatu vikanyamaza kama paka. Alipigilia mbao na kuzilaza moja kwa moja kwenye saruji. Zikacheza, misumari ikachungulia chini, na sakafu ikapata mistari mipya. Akaongeza mpira chini ya mbao. Sauti ikawa nzuri, lakini baada ya wiki mbili mpira ukaacha madoa meusi kwenye nta.

Jibu lilikuja kidogo kidogo. Mpira uwe wa ule mkanda mnene unaobeba mawe mgodini, ambao ukichakaa hutupwa. Kati ya mpira na nta kuwe na shuka. Juu ya mpira, mbao za makasha ya mizigo, na juu kabisa tripleksi, yaani ubao mwembamba wa tabaka, kwa sababu huo ndio unaoimba. Skrubu ziingie kutoka juu na zisifike chini. Kingo zifungwe kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ili zisiume ukuta. Na kila baada ya mazoezi, mbao zinyanyuliwe, sakafu ipumue.

Tshibola alikagua baada ya mwezi mmoja. Alipiga magoti, akanyanyua shuka, akatazama kwa muda mrefu.

"Akasema tu, sawa," Mbayo anasimulia, akicheka hadi machozi. "Sawa! Mi nilitaka kuruka!"

Majirani walileta watoto wao. Kufikia Krismasi walikuwa tisa.

*

Machi 1993 zamu ya Kapata ilifika. Kwa miezi mingi redio na mikutano ilikuwa ikisema kwamba watu wenye asili ya Kasai wamekula kazi za wenyeji na warudi kwao. Kundi la wanaume lilipita nyumba kwa nyumba na chaki, likitia alama milango ya wa kufukuzwa. Mlangoni kwa Mbayo, aliyeshika chaki alikuwa Kisimba, fundi wa mashine katika shimo la mgodi liitwalo Mashamba, anayeishi nyumba ya pili kutoka pale. Mtoto wake mkubwa alikuwa miongoni mwa wale tisa.

"Alichora alama, halafu akaniambia, Tata Mbayo, weye ni mutu wa hapa, ubaki," anasema Mbayo. "Mama na batoto baende kwabo. Nikamuuliza, kwabo ni wapi? Huyu alizaliwa mu safu ya tatu! Hakuniangalia mu macho."

Familia ililala wiki sita kwenye uwanja wa stesheni, kwenye mvua, pamoja na maelfu ya wengine. Mbayo aliendelea kwenda kazini asubuhi na kurudi stesheni jioni. Siku ya pili alipakia mbao nne kwenye baiskeli akazipeleka, ili watoto wasilale kwenye tope. Kina mama wa pembeni waliomba kuweka watoto wachanga juu yake. Kuna siku aliwahesabu kumi na mmoja, wamepangwa kama mikate.

Treni ilipokuja, palikuwa na nafasi ya watu, si ya mbao. Tshibola ndiye aliyeamua kwamba mumewe abaki na kazi na nyumba. Mbayo alipanda nao hadi Lubudi. Hapo behewa lilisimama kwa saa sita, mama yake akaleta mihogo ya kuchemsha, na Mbayo alipoteremka, Gradi alimshika shati hadi kifungo kikang'oka.

Tshibola na watoto walifika Mwene-Ditu, huko Kasai, kwa mjomba ambaye hawakuwahi kumwona. Mtoto wao wa mwisho, Ngalula, aliyekuwa hajafikisha mwaka, aliugua surua njiani. Alizikwa siku tatu baada ya kufika.

Mbayo alipata habari hiyo kwa barua, wiki tano baadaye.

Kwa miaka mitatu aliishi peke yake. Tangu klabu ifungwe alikuwa amehamishiwa kufagia ofisi. Mshahara wake, miezi ambayo unatoka, unatosha mfuko mmoja wa unga na nusu gunia la makaa. Mbao alizisimamisha chumbani. Sakafu hakuisugua hata mara moja.

"Mi, mutu wa nta!" anasema, akitikisa kichwa. "Lakini kusugua nyumba yenye haina batu, mikono ilikataa."

*

Walirudi Mei mwaka huu, mchana, kwa treni ya mizigo. Hali imetulia kiasi na wengine kadhaa wamesharudi. Jirani mmoja alimkimbilia Mbayo kazini, naye akaacha ufagio katikati ya korido.

Alipofika nyumbani alimkuta mke wake hajafungua hata furushi moja. Alikuwa amepiga magoti sebuleni, sketi ameikunja, anasugua saruji iliyogeuka kijivu. Alinyanyua uso, akasema: "Mbayo, hii ni nini? Ni aibu gani hii?"

"Njo nikajua kama yee amerudi kweli," anasema Mbayo.

Wiki iliyofuata Jessica alitoa viatu. Vilimbana, wakampa Gradi. Jessica mwenyewe akapata jozi kubwa iliyokuwa chini kabisa ya sanduku. Huko Mwene-Ditu sakafu ya mjomba ilikuwa ya udongo, na alifanya mazoezi miaka mitatu bila kusikia sauti ya hatua zake.

"Nilikuwa nahesabu mu kichwa tu," anasema msichana huyo mrefu, macho yake yakimeta. "Siku ya kwanza juu ya mbao za tata, niliposikia ile mulio, nilipiga kelele. Nilisema, kumbe sikusahau! Kumbe yote iko!"

Sauti ile iliwaita watoto kutoka safu zote. Miongoni mwao alikuwa Tatiana, miaka tisa, binti mdogo wa Kisimba. Alikuja hadi kizingitini Jumamosi nne mfululizo, akasimama, hakuingia. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemkaribisha. Nyumbani kwao alipigilia visoda vya chupa kwenye kandambili zake akacheza peke yake, hadi sakafu ikajaa mashimo.

Jumamosi ya tano Kisimba alikuja mwenyewe. Alisimama kwenye ua, kofia mkononi. Tshibola alikuwa mlangoni na brashi yake.

"Mama Jessica," alisema Kisimba, "huyu mutoto amemaliza pavema yetu. Halali, hakuli. Naomba aingie na benzake."

Tshibola anasema alichokitazama yeye ni mikono ya mtu huyo.

"Mukono ile njo ilishika chaki. Nikawaza Ngalula wangu. Angekuwa na miaka mine sasa, ningekuwa namufundisha kushika brosi. Nikataka kufunga mulango. Halafu nikaangalia mutoto. Alikuwa ananiangalia miguu, anangojea niseme. Yee aliniandikia nini? Hakuna."

Alimjibu Kisimba kwa sentensi mbili ambazo mtaa mzima sasa unazijua.

"Mutoto aingie. Baba yake abaki inje."

Kisha akamgeukia Tatiana: "Vua ile bitu bya chupa. Nawa miguu."

*

Habari kwamba padri ameruhusu onyesho zilifika Kapata mwanzoni mwa mwezi huu, zikiwa na sharti. Ukumbi wa parokia umewekwa vigae vipya, zawadi ya waumini waliochanga kwa miaka sita, na padri hataki kuona chuma juu yake. Jukwaa lote lifunikwe, la sivyo watoto watacheza na soksi. Mbayo alikwenda kupima. Zilihitajika mbao kumi na mbili. Alikuwa na nane.

Hadi Ijumaa jioni alikuwa amefikisha kumi. Mbili za mwisho anazimalizia Jumamosi hii, baada ya mazoezi, kwenye ua, watoto wakiwa wamemzunguka. Gradi anashika tripleksi, Tatiana anampa skrubu moja moja kutoka kwenye kopo la maziwa, na Jessica anapima kwa kamba kama zitapita mlangoni.

"Zinapita!" anapiga kelele.

"Zinapita!" wanaitikia wengine, na kelele inakuwa kubwa kana kwamba timu ya mtaa imefunga bao.

Jumapili saa nne, mkokoteni unasimama mbele ya nyumba. Anayeusukuma ni Kisimba. Alipunguzwa kazi mwaka jana, sasa anauza makaa, na huo ndio mkokoteni wake wa kazi. Ameuosha hadi rangi ya mbao imerudi. Haingii ndani. Watoto wanapokezana mbao kutoka chumbani hadi sebuleni, kutoka sebuleni hadi mlangoni, na yeye anazipokea nje moja moja na kuzipanga juu ya magunia safi.

Akiulizwa kuhusu mwaka ule, hajifichi.

"Tuliambiwa, hawa bakienda, nafasi zao ni zetu," anasema, akifunga kamba. "Niliamini. Niliwaza nitakuwa mukubwa ku Mashamba. Mi niliandika ile mulango. Hakuna mutu alinishika mukono. Sasa mashine imelala, na mi niko nasukuma makala." Anakaza fundo. "Ile ya mutoto kufa, nilisikia nyuma, treni imesha kuenda."

Tshibola, aliyekuwa akifunga kitambaa kichwani hatua chache kutoka hapo, amesikia. Anatangulia barabarani na watoto.

*

Ukumbi umejaa hadi madirishani. Wapo wachimbaji waliovaa suti za harusi zao, makarani, wauza samaki, watawa wawili, na bibi mmoja aliyeletwa na kiti chake. Padri amekaa mstari wa mbele, mikono imekunjwa, macho hayatoki kwenye vigae.

Watoto wanakaa ukingoni mwa mbao, wanavaa viatu. Mtu fulani anacheka. Halafu Jessica anahesabu nne.

Ukumbi unashtuka kwanza. Kisha unasimama. Kumi na mmoja wanapiga kama mtu mmoja, halafu wanagawanyika, hawa wanauliza, wale wanajibu, na kijana mwenye ngoma ya kanisa anashindwa kuvumilia, anaifuata kwa mikono. Vigelegele vinaanzia kwa wauza samaki. Bibi wa kiti anapiga sakafu kwa fimbo yake.

Dakika ya sita, kitu ambacho Mbayo hakukipima kinatokea. Vigae vina utelezi zaidi kuliko nta. Ndoano mbili za waya zinafunguka, na katikati ya jukwaa mbao zinaanza kuachana. Pengo linapanuka kidole kimoja, viwili. Shuka za chini zinavutwa nazo, kigae cheupe kinang'aa, na mguu wa Tatiana unakielekea.

Mbayo anaruka jukwaani. Analala kifudifudi pembeni, anazikumbatia mbao za upande wake na kuvuta. Haitoshi, kwa sababu upande wa pili unaendelea kukimbia. Anageuza kichwa na kupaza sauti juu ya viatu vyote:

"Kisimba! Shika upande ile!"

Kisimba amesimama nje ya dirisha, pamoja na wasiopata nafasi. Anaingia kupitia dirisha hilohilo. Anajitupa chini upande wa pili, anavuta. Pengo linazibika. Wanaume wawili wa makamo wamelala kwenye vigae, mikono imenyooshwa, na vyuma vinapiga upana wa kiganja kutoka vidoleni mwao.

Watoto hawakusimama. Jessica, aliyeona kila kitu, anapandisha mwendo. Watu sasa wanapiga kelele hadi maneno hayasikiki, na wachezaji wanamaliza kwa pigo moja, wote kwa pamoja, kisigino chini.

Katika makelele hayo padri ndiye wa kwanza kupanda jukwaani. Hawapongezi watoto. Ananyanyua ubao, ananyanyua shuka, anapiga magoti na kupitisha kiganja chake kwenye vigae vipya, huku na huku. Ukumbi unanyamaza kumtazama.

Anainuka.

"Hakuna hata alama moja," anasema. "Murudi Jumapili ya mwisho wa mwezi."

Gradi anamrukia baba yake shingoni. Tatiana analia na kucheka pamoja, akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi. Kisimba bado amekaa chini, anajifuta vumbi, hajui aende wapi.

*

Hadi Jumapili jioni, wazazi wa nyumba tisa wamekuja kumwomba Mbayo awatengenezee mbao. Wengi hawana pesa, na zilizopo zinashuka thamani kabla ya kufika sokoni, kwa hiyo bei ni mabakuli kumi ya unga kwa mbao nne. Mwenye kuleta tripleksi yake anapunguziwa matatu. Anakusudia kumaliza nyumba sita kabla ya mvua kuanza, na ameshachora ndoano mpya, ya chuma bapa, isiyofunguka hata kwenye vigae.

Nyumba yake haitoshi tena. Mpango wake ni mazoezi yazunguke, kila Jumamosi nyumba tofauti, na mwenye nyumba awe amejifunza kusafisha sakafu, kutandika shuka na kunyanyua mbao kabla hajapokea mtoto wa mtu. Mwezi ujao anataka kupeleka mbao nne Lubudi kwa treni, kwa watoto wa dada zake. Jessica anaota mbali zaidi. Anataka mbao zifike Mwene-Ditu, kwa wasichana wanne aliowaachia hatua bila sauti.

Majina ya nyumba yalipigiwa kura kwenye kofia. Jumamosi ijayo imeangukia nyumba ya Kisimba.

Tshibola anasikiliza mumewe akiyasoma majina, huku akipanga samaki wa kesho kwenye kapu. Anaulizwa kama watoto wake wataruhusiwa kwenda huko. Anaendelea kupanga samaki wawili zaidi kabla ya kujibu.

"Bataenda," anasema. "Na mi nitaenda nabo. Nitaingia mu ile nyumba, nitapiga magoti, nitaangalia ile pavema yake yenye mashimo. Bila kuijaza saruji na kupaka nta, mutoto hachezi." Anafunika kapu, anamgeukia mumewe. "Umuambie anunue brosi mbili. Moja yake, moja yangu."